Padre De Vico na nyota za mkia



Jioni ya Siku ya Nyerere, 14 Oktoba 2024, tulikuwa tumemaliza sala ya jumuiya huku Wazo, upande unaotazama Madale. Umeme ulikuwa umekatika, na kwa mara moja nikashukuru kimoyomoyo, maana mbingu za Dar huwa hazionekani mpaka TANESCO wapumzike. Zuhura ilikuwa inang'aa magharibi. Kulia kwake, kwa mbali, kulikuwa na kitu kama alama ya chaki iliyofutwa kwa kiganja. Ukiikodolea macho inapotea, ukitazama pembeni kidogo inarudi.

Kijana mmoja wa bodaboda ndo aliyeuliza, "Frateri, ile ni nini?" Kabla sijafungua mdomo bibi mmoja akajibu, "Nyota ya mkia hiyo. Haiji bure." Basi maswali yakaanza. Inaleta vita? Inaleta njaa? Kanisa linasemaje? Nami, pamoja na shahada yangu ya falsafa, nilijibu kwa kuokoteza maneno. Niliahidi kwamba nitasoma kisha niandike. Makala hii ni deni, na limechelewa.

Kwanza tuweke majina sawa, maana wengi tunachanganya. Kimondo ni jiwe au chuma kutoka angani kinachowaka kikiingia kwenye hewa yetu, sekunde chache tu, na kikubwa zaidi kinaweza kufika chini, kama kile cha Mbozi kule Songwe chenye takriban tani 16. Nyota ya mkia ni kitu kingine. Wala si nyota kamili. Ni bonge la barafu na vumbi, mara nyingi lenye upana wa kilomita chache tu, linalolizunguka Jua kwa njia ndefu sana. Likikaribia Jua barafu inageuka mvuke, vumbi linafumuka, na mkia unatokea kuelekea upande ulio mbali na Jua. Ndiyo maana haiwaki na kupotea kama kimondo. Inakaa siku au wiki, ikisogea polepole kati ya nyota.

Ile tuliyoiona Wazo inaitwa Tsuchinshan-ATLAS. Iligunduliwa mwanzoni mwa 2023 na kituo cha kutazama nyota cha China, na pia darubini ya ATLAS iliyopo Afrika Kusini. Siku hizi kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya mashine: zinapiga picha usiku kucha, kompyuta inalinganisha. Zamani ilikuwa kazi ya binadamu mwenye jicho, koti zito na uvumilivu. Mfaransa Charles Messier aliifanya karne ya 18. Alichoka sana kudanganywa na mawingu ya nyota yanayofanana na nyota ya mkia, akaandika orodha ya vitu vya kutovijali, na leo orodha hiyo ndiyo inayompa umaarufu kuliko nyota zake za mkia. Jean-Louis Pons alianza kama bawabu wa kituo cha nyota cha Marseille, mlinzi wa mlango jamani, akaishia kugundua nyingi kuliko mtu yeyote wa zama zake. Caroline Herschel aligundua nane.

Lakini niliyemtafuta ni padre, na nikampata.

Francesco de Vico alizaliwa Macerata, Italia, mwaka 1805. Akiwa kijana wa miaka kumi na nane hivi aliingia Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Baadaye akapelekwa Roma kusaidia kituo cha nyota cha Collegio Romano chini ya Padre Dumouchel. Mwaka 1835 wanaastronomia wote wa Ulaya walikuwa wanaisubiri nyota ya mkia ya Halley, ambayo hurudi kila baada ya miaka 76 hivi. Kwamba itarudi ilijulikana. Ilikuwa haijulikani nani ataiona kwanza. Mwezi Agosti, Wajesuiti wale wawili walielekeza darubini yao pale hesabu zilipoonyesha, na wakaiona ikiwa bado hafifu kabisa, kabla ya wenzao wa vituo vikubwa.

Hapo De Vico alinogewa. Alipokuwa mkurugenzi wa kituo alianza kuwinda mwenyewe. Uwindaji wenyewe uko hivi. Nyota za mkia hung'aa zaidi zikiwa karibu na Jua, kwa hiyo unazitafuta magharibi giza likiingia, au mashariki kabla ya alfajiri. Unapeleka darubini polepole kutoka kushoto kwenda kulia, unashusha kidogo, unarudi, kama mtu anayepiga deki. Unatafuta doa lenye ukungu. Ukilipata, hujashinda bado. Unachora mahali lilipo kati ya nyota, unalala, kesho unarudi. Likiwa limehama, ni nyota ya mkia. Likiwa palepale, ni mojawapo ya vile vitu vya Messier, na umepoteza usiku wako. Kesho kutwa mawingu. Mtondo mwezi unang'aa mno. Unaanza upya.

Kwa njia hiyo De Vico aligundua nyota za mkia kadhaa kati ya 1844 na 1847. Mbili kati yake bado zina jina lake, ile ya Agosti 1844 na ile ya 20 Februari 1846. Nitazirudia.

Sasa nisiwafanye mumwone kama mtu asiyekosea. Miaka michache kabla ya hapo alitumia muda mwingi kupima Zuhura inajizungusha kwa muda gani. Aliangalia madoa aliyodhani anayaona, akapiga hesabu, akatoa jibu: saa 23, dakika 21 na sekunde 22. Mpaka sekunde! Leo tunajua kwa kutumia rada kwamba Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku zetu 243, tena kinyumenyume. Uso wake umefunikwa na mawingu mazito, kwa hiyo hakukuwa na ardhi ya kuiona. Padre hakudanganya. Alitazama kwa bidii kitu ambacho darubini yake isingeweza kuonyesha. Sisi watu wa falsafa tusicheke sana, maana Aristotle wetu alifundisha kwamba nyota za mkia ni moto ulio katika hewa, chini ya Mwezi, na watu walimwamini karibu miaka elfu mbili mpaka Tycho Brahe alipopima ile ya 1577 na kuona kwamba iko mbali kuliko Mwezi. Mimi hilo kosa la Zuhura limenifariji kuliko ugunduzi wake wote. Nina daftari la mafungo ambamo nimeandika mapenzi ya Mungu kwa maisha yangu kwa usahihi wa sekunde.

Tuje kwenye tukio lililonifanya niandike.

Tarehe 3 Oktoba 1847 De Vico aligundua nyota ya mkia nyingine akiwa Roma. Habari zikaenea Ulaya kwamba ni yake. Wakati huo mfalme wa Denmark alikuwa anatoa medali ya dhahabu kwa mtu wa kwanza kugundua nyota ya mkia mpya kwa darubini, hivyo lilikuwa jambo la heshima kubwa. Kumbe ng'ambo ya bahari, kisiwani Nantucket huko Marekani, mtunza maktaba mwenye umri wa miaka 29 aitwaye Maria Mitchell alikuwa ameiona tarehe 1 Oktoba, saa nne na nusu usiku, akiwa juu ya paa la benki ambako baba yake alifanya kazi. Siku mbili kabla. Dada huyu alisita kutangaza. Baba yake ndiye aliyeandika barua kwenda Cambridge, Massachusetts, na posta ya kisiwani haikuondoka papo hapo. Masharti ya medali yalitaka taarifa itumwe mara moja, kwa hiyo palikuwa na kila sababu ya kumwacha nje. Edward Everett, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alimtetea. Mwaka 1848 Denmark ikakubali, na medali ikaenda kwa Maria Mitchell. Baadaye akawa profesa wa astronomia katika Chuo cha Vassar, na leo ile inaitwa nyota ya mkia ya Bi Mitchell.

Haki ilitendeka. Lakini jiweke upande wa Padre De Vico. Hakuiba kitu. Alikesha kama siku zote, akaona kwa macho yake, akaandika kweli tupu, halafu akaambiwa kuna aliyetangulia.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa falsafa niliandaa mada kwa wiki tatu, usiku na tochi ya simu. Siku ya kuiwasilisha nikaugua malaria, mwenzangu akaisoma, na sifa zote zikabaki kwake. Hakusema ni yangu. Sikumwuliza. Nilikaa na donge lile muhula mzima, nikipokea Komunyo kila asubuhi huku nikimkwepa mezani wakati wa chai. Nawaambia hili kwa sababu najua wapo kati yenu wenye donge la namna hiyo: aliyetunga wimbo wa kwaya akaitwa mwingine jina, aliyeandaa kongamano la VIWAWA kisha picha zikapigwa bila yeye. Ukiwa umedhulumiwa kweli, una haki ya kusema, kama Everett alivyosema kwa niaba ya Mitchell. Ningefanya vizuri kumfuata mwenzangu tuongee badala ya kununa. Lakini lipo swali la pili, gumu zaidi: kama hakuna aliyekudhulumu, na bado jina si lako, je, ile nyota haikuwepo? Hukuiona?

Mwaka uleule wa medali, De Vico alikuwa na mengine. Mapinduzi yalipamba moto Roma, na Machi 1848 Wajesuiti walifukuzwa mjini. Aliiacha darubini yake. Alipita Ufaransa na Uingereza, akavuka bahari hadi Georgetown, Marekani, ambako Wajesuiti walikuwa na kituo cha nyota. Akarudi tena Ulaya, na London akashikwa na homa. Alifariki Novemba 1848, umri miaka 43. Kituo cha Roma kikaja kuongozwa na Mjesuiti kijana, Angelo Secchi, aliyepanga nyota kwa makundi kufuatana na mwanga wake na kuwa mmoja wa waanzilishi wa sayansi ya nyota ya leo.

Kijana mmoja aliniuliza, kwa nini padre akeshe na darubini wakati watu hawajahubiriwa? Nilimwambia asome Zaburi ya 147, pale inaposema kwamba Mungu anajua hesabu ya nyota na kuziita kwa majina, halafu aniambie kama kazi ya kuzihesabu ni dhambi. Hakurudi na jibu, ila alirudi na darubini ndogo ya kuchezea ya mdogo wake.

Na bibi yetu je? Simdharau. Duniani kote watu waliziogopa nyota za mkia, wafalme kwa maskini. Lakini nabii Yeremia, sura ya 10, aya ya 2, anawaonya Waisraeli wasizistushwe na ishara za mbinguni kama mataifa yanavyofanya, na Katekisimu namba 2116 inakataa unajimu na kufasiri ndege mbaya za kila aina. Hapa tuwe wakweli: wapo wanaosali rozari jioni na asubuhi wanasoma nyota zao kwenye simu. Kufahamu njia ya nyota ya mkia kwa hesabu kunaua hofu vizuri kuliko kukemea. Kitu kinachojulikana tarehe ya kurudi hakiwezi kuwa kimetumwa kwa ajili ya ugomvi wa mtaa wako.

Hata pango letu la Noeli lina nyota yenye mkia, umeona? Matayo hasemi habari ya mkia, anasema nyota tu. Mchoraji Giotto aliiweka nyota ya mkia juu ya hori kwenye kanisa dogo la Padua mwanzoni mwa karne ya 14, miaka michache baada ya Halley kupita mwaka 1301, na mtindo umebaki.

Huku kwetu Afrika Mashariki ipo hadithi moja nzuri. Tarehe 1 Novemba 1948, sikukuu ya Watakatifu Wote, Jua lilipatwa kabisa Nairobi asubuhi. Giza lilipoingia, watu waliokuwa wanalitazama Jua wakaona kando yake nyota ya mkia iliyong'aa, ambayo hakuna aliyekuwa anajua kwamba ipo. Mwanga wa Jua ulikuwa umeificha.

Nilisema nitazirudia zile mbili za De Vico. Ile ya 1844 huzunguka Jua kwa miaka michache tu, lakini Mshtarii kwa uzito wake huivuta na kuipotosha njia, hivyo ilipotea miaka hamsini, ikaonekana 1894, ikapotea, ikaonekana 1965, ikapotea, ikapatikana tena 2002. Ile ya 1846 hurudi kila baada ya miaka 74 au 75. Ilipopita tena miaka ya 1920 hakuna aliyeiona. Septemba 1995 Wajapani watatu, watu wa kawaida wenye darubini zao, waliikuta kabla ya alfajiri. Inatarajiwa tena mwaka 2069. Nitakuwa na miaka sabini na kitu, Mungu akipenda, na nimeshachagua mahali: juu ya kilima cha Wazo, upande wa Kunduchi, mashariki juu ya bahari, saa kumi na moja kasoro. Atakayekuwepo aje na thermosi ya chai.