SOMO LETU: Kompyuta Hutunzaje Hesabu ya Jasho Lako?



Katika mashamba na viwanda vingi hesabu za kazi yetu zimetoka katika daftari la karani na kuingia katika kompyuta. Yafaa basi tufahamu jinsi mashine hiyo inavyozihifadhi na kuzirudisha.

Programu nyingi huundwa kwa objekti. Objekti ni kama furushi: ndani mna habari za jambo moja, pamoja na kanuni za kuzitumia. Mchuma chai mmoja ni objekti moja. Ina jina lake, kilo alizopima, saa zake za ziada, na kanuni ya kukokotoa ujira wake. Programu inapofanya kazi, furushi hilo hukaa katika kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, limepotea.

Ili lisipotee, programu huandika habari zake moja baada ya nyingine katika faili. Kesho yake huisoma faili hiyo na kuunda objekti upya. Lugha ya programu iitwayo Java ilipewa uwezo huo mwaka 1997.

Lakini tuwe macho kwa mambo matatu.

Kwanza, katika Java faili hubeba habari tu. Kanuni hubaki katika programu. Kanuni ikibadilishwa, kilo zile zile zitatoa ujira mwingine.

Pili, mtunga programu aweza kuitia habari fulani alama kwamba isiandikwe. Saa za ziada zikitiwa alama hiyo kwa makosa, zitarudi zikiwa sifuri, wala mashine haitatoa onyo.

Tatu, muundo wa objekti ukibadilishwa bila maandalizi, programu mpya yaweza kuikataa faili ya zamani.

Tufanye nini basi? Kila mmoja atunze karatasi zake za mizani na hati zake za mshahara. Wajumbe wetu wamwulize mwajiri: je, hesabu zilizohifadhiwa zimewahi kujaribiwa kurudishwa na kulinganishwa na karatasi? Na kila programu inapobadilishwa, mshahara wa mwezi uliopita ukokotolewe tena. Majibu yasipolingana, sababu itafutwe kabla ya siku ya malipo.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta nayo ni daftari. Tujifunze kulikagua.