Kuchemsha maji ya kisima kunatosha?

*Daktari, hapa kwetu, pembezoni mwa Bariadi, tunatumia kisima cha kuchimba kwa mkono. Maji ni maangavu, hayanuki, ila choo cha shimo kiko hatua kama kumi na tano tu. Mume wangu anasema tukichemsha yanafaa. Nina mtoto wa miezi mitatu, namkorogea maziwa ya kopo kwa maji hayo. Kuna tatizo?*

Mama, mumeo amepatia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mtoto.

Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hakuondoi kilichoyeyuka majini. Mkojo na kinyesi vikioza shimoni hutoa naitreti, isiyo na rangi wala harufu, nayo husafiri na maji ardhini. Ukichemsha sana, mvuke unaondoka na naitreti inabaki sufuriani, kali kuliko mwanzo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya watoto wachanga hasa: tumboni mwao naitreti hugeuka naitriti, ikaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni. Ukiona midomo, ufizi au kucha zimegeuka kijivu au bluu, usingoje kukuche, mpeleke hospitali.

Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, uchafu huzama upesi, mchanga hauuzuii. Walio kwenye mbuga ya udongo mweusi nao wasijione wamepona. Udongo ule hupasuka kiangazi, na mvua ya kwanza hupita kwenye nyufa hizo na samadi ya zizini na mabaki ya dawa za pamba, kabla ardhi haijavimba na kujifunga. (Na chupa ya dawa ya pamba haioshwi ikawa ya maji ya kunywa, hata kwa sabuni. Bado naziona majumbani.)

Huko wilayani Meatu, mkoa huohuo wa kwenu, lipo tatizo jingine lisilotoka chooni: floridi ya kwenye miamba. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto huanza kuwa na madoa ya kahawia. Ikiwa nyingi zaidi, kwa miaka, mifupa hukakamaa. Nayo haiondoki kwa kuchemsha.

Kwa mtoto, anza leo. Kama maziwa ya mama bado yanatoka, mnyonyeshe mara nyingi na umwone mhudumu wa kliniki akusaidie kurudi kwenye kunyonyesha. Chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji kabisa. Ikibidi kopo, tumia maji ya bomba yaliyopimwa, au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, kisha uyachemshe.

Choo kijacho kichimbwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Kama bado mnasubiri bomba la maji ya Ziwa Victoria, ulizeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, jinsi ya kupima maji, na mtaje naitreti na floridi kwa majina. Kipimo cha vijidudu peke yake hakizionyeshi.