KITABU KILISHITAKI NANI? Somo juu ya filimu zinazoacha njia ya vitabu



Katika kazi ya Kifaransa ya mwisho, wanafunzi wa klasi ya tano waliombwa kueleza kwa ufupi romani ya H. G. Wells inayoitwa La Guerre des mondes, ni kusema Vita ya malimwengu. Karatasi nyingi zilikuwa nzuri. Lakini zingine zilisema kwamba mashine za Wamarsi zilikuwa zimezikwa chini ya udongo tangu zamani sana, na kwamba mambo yote yalianza kule Marekani. Mwalimu alicheka, kisha akaweka sifuri. Kitabu hakisemi vile hata kidogo. Ni filimu ya mwaka 2005, ile ya Steven Spielberg, njo inasema vile, na watu mingi wameiona katika simu.

Basi tumeona ni vema kuandika somo hili. Si kusudi la kukataza filimu, maana sisi pia tunazipenda. Tena filimu haiwezi kufuata kitabu mstari kwa mstari. Kurasa mia tatu haziingii katika masaa mawili, na mawazo ya ndani ya moyo wa mtu hayapigwi picha. Yule anayelia kwamba filimu imebadili rangi ya nyumba au jina la mji, anapoteza wakati. Lakini kuko neno lingine, kubwa kupita sifuri ya mwalimu. Mara nyingine filimu inachukua hadithi, inachukua mashine na moto na makelele, halafu inaacha shitaka. Romani za sayansi zilizo bora, zile zinazosimulia mambo ambayo sayansi haijafanya bado, nyingi ziliandikwa kushitaki mtu fulani. Tunapashwa kuuliza: kitabu kilikuwa kinashitaki nani? Na katika filimu, yule mshitakiwa yuko wapi?

Tuanze na Wells. Alikuwa Mwingereza, na kitabu chake kilitoka mwaka 1898. Wakati ule Uingereza ilitawala inchi nyingi kupita mataifa yote, na London ulikuwa mji mkubwa kupita yote ya dunia. Wazo la kitabu lilitoka kwa ndugu yake Frank. Siku moja walikuwa wakitembea pamoja katika mashamba ya Surrey, wakizungumza juu ya watu wa kisiwa cha Tasmania, karibu na Australia, na mateso waliyopata wakati Waingereza walipofika. Frank akawaza: itakuwa namna gani kama viumbe wa sayari nyingine wangeshuka hapa ghafula, na kututendea sisi vile vile? Wells aliandika jina la ndugu yake mwanzoni mwa kitabu, kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Sasa, fungueni sura ya kwanza. Kabla hata Mmarsi mmoja hajashuka, mwandishi anasimamisha wasomaji wake. Anawaambia wasiwahukumu Wamarsi kwa haraka, bali wakumbuke kwanza mambo ambayo watu wenyewe wamefanya, si kwa wanyama tu, lakini hata kwa watu wenzao. Anataja Watasmania kwa jina, waliofutwa na Wazungu kwa muda wa miaka hamsini. (Leo tunajua kwamba hawakuisha wote, wazao wao wangali hai. Wells aliandika sawa vile watu wa wakati wake walivyoamini.) Kisha njo silinda ya kwanza inaanguka karibu na Woking, inchi ya amani, inchi ya chai na bustani. Mashine za miguu mitatu zinasimama, mwali wa moto unaunguza vijiji, moshi mweusi wa sumu unajaza mabonde. Watu wa London wanakimbia barabarani na mizigo yao, wakikanyagana. Mizinga ya jeshi haifai neno kubwa. Wamarsi hawachukii watu, hata hawasemi nao. Wanawakamata na kutia damu yao ndani ya mishipa yao wenyewe, sawa mtu anayekula kuku bila kuuliza kuku mawazo yake.

Mnaona akili ya mwandishi? Kila jambo ambalo Mwingereza alikuwa amezoea kusoma katika gazeti juu ya inchi za mbali, sasa linafika mlangoni pake. Silaha asizozijua. Mgeni asiyesikia luga yake. Kukimbia usiku na watoto. Wells hakuandika juu ya Kongo, hatutaki kumpa maneno ambayo si yake. Lakini mwaka ule ule wa 1898 inchi yetu ilikuwa chini ya mfalme Leopold wa pili, na katika sehemu nyingi babu zetu walikuwa wanapigwa na kuuawa kwa ajili ya mpira. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kongo akisoma ile sura ya kwanza, hahitaji maelezo marefu.

Tuangalie sasa filimu. Ile ya kwanza, ya mwaka 1953, ilitengenezwa na George Pal na kuongozwa na Byron Haskin. Imehamisha hadithi mpaka California. Mashine za miguu mitatu zimekuwa vyombo vinavyoelea, vyenye shingo ndefu sawa nyoka, tena vizuri kwa macho, hatukatai. Na kati ya watu wake kuko mchungaji mmoja, Pastor Collins. Jeshi linapojitayarisha kupiga, yeye anatoka peke yake na Biblia mkononi, anaenda mbele ya Wamarsi akisema maneno ya Zaburi ya 23, kusudi ajaribu amani. Wanamwunguza.

Hapa wasomaji wa masomo yetu watafurahi kupita Wells mwenyewe. Kwa maana katika kitabu mtumishi wa kanisa ni mtu wa kuhurumiwa. Amefungwa na msimulizi ndani ya nyumba iliyoanguka, anamaliza chakula, analia kwa sauti, mpaka msimulizi anampiga na mpini wa shoka la nyama kusudi anyamaze, na Wamarsi wanamvuta nje. Ni ukurasa mgumu. Lakini hatufikiri kwamba Wells alitaka tu kuchekelea wachungaji. Yule mtu alikuwa amewaza kwamba utaratibu wa inchi yake na utaratibu wa Mungu ni kitu kimoja. Siku inchi ilipoanguka, hakubaki na neno. Pastor Collins ni mzuri kwa roho, ndiyo. Ila yeye hashitaki mtu, na filimu haimwulizi swali.

Tena katika filimu ile, ndege inatupa bomu la atomiki juu ya Wamarsi, na bomu halifanyi kitu. Hilo halimo katika kitabu, na lisingeweza kuwamo. Mwaka 1953 ulikuwa mwaka wa nane tu kisha Hiroshima, na Marekani ilikuwa inaogopa Urusi. (Uraniumu ya bomu la Hiroshima, sehemu kubwa ilitoka kwetu, Shinkolobwe, katika Katanga.) Basi filimu inauliza: je, silaha yetu kubwa itatulinda? Swali hilo si baya. Lakini ni swali la mtu anayeogopa kupigwa. Swali la Wells lilikuwa la mtu aliyepiga wengine. Mwisho, mikrobi wanaua Wamarsi sawasawa na katika kitabu, na hata yale maneno ya mwisho juu ya hekima ya Mungu katika vidudu vidogo, Wells aliyaandika mbele. Filimu ilitunza mwisho na kuacha mwanzo. Watasmania hawamo.

Katika ile ya 2005 pia hawamo. Spielberg alirudisha miguu mitatu, na hofu ya kukimbia ameionyesha vizuri kupita wote, kwa vile Wamarekani walikuwa wangali na majivu ya New York ya mwaka 2001 mbele ya macho yao. Katika shimo la nyumba, mtu mmoja anasema kwamba wanaokalia inchi ya wengine kwa nguvu hushindwa siku zote. Ni sentensi moja, kisha inapita.

Jambo la pili, tena kwa sisi wasoma Kifaransa linauma zaidi, ni Kapiteni Nemo.

Vingt mille lieues sous les mers ya Jules Verne ilitoka miaka 1869 na 1870. Biblioteki yetu iko nayo, jalada limepasuka lakini kurasa zote ziko. Wengi wanajua Nautilus, chombo kinachotembea chini ya bahari kwa nguvu ya umeme. Lakini Nemo ni nani? Katika kitabu hiki hasemi jina lake wala inchi yake. Anaonyesha tu moyo wake. Kule Ceylon anaokoa Mhindi maskini anayezamia lulu, kwa kupigana na papa, kisha anampa mfuko wa lulu; akiulizwa, anajibu kwamba mtu yule ni wa inchi inayoonewa, na yeye pia angali upande wa inchi ile. Anapeleka zahabu kwa Wakrete walioasi Waturuki. Katika chumba chake ametundika picha za watu waliopigania uhuru, na mmoja ni John Brown, aliyenyongwa Marekani mwaka 1859 kwa sababu alitaka kuwafungua watumwa. Na wakati watu wa Papua wanazunguka Nautilus, na wageni wake wanapiga kelele kwamba ni washenzi, Nemo anauliza ni wapi duniani pasipo washenzi, na kama hawa ni wabaya kupita wengine.

Jibu kamili liko katika kitabu kingine, L'Île mystérieuse, cha miaka 1874 na 1875. Huko Nemo, akikaribia kufa, anajulikana kuwa Prince Dakkar, mwana wa mfalme wa Bundelkund kule India, aliyepigana na Waingereza katika maasi ya 1857 na kupoteza inchi yake na jamaa yake.

Walt Disney alitoa filimu yake mwaka 1954, ikiongozwa na Richard Fleischer. Nemo amekuwa James Mason, Mwingereza! Anacheza vizuri, hatuwezi kusema uongo. Lakini India haitajwi. Nemo wa filimu alikuwa mfungwa katika kisiwa kinachoitwa Rura Penthe, na taifa lililomtesa halina jina. Nguvu ya Nautilus imekuwa siri inayofanana na atomiki, na mwishoni kisiwa chake kinapasuka kwa wingu sawa na lile la bomu. Na watu weusi wa kisiwa? Wamebaki kwa kuchekesha tu. Wanamkimbiza Ned Land, wanapanda juu ya Nautilus, wanarukaruka kwa umeme, watazamaji wanacheka. Lile swali la Nemo juu ya washenzi limekatwa, na hapo njo tunaona tofauti kabisa. Picha ni ile ile: watu wa kisiwa, chombo cha chuma, umeme. Katika kitabu picha ile inamwumiza Mzungu anayeitazama. Katika filimu inamburudisha.

Lakini tuseme kweli, hata Verne alikatwa. Kwanza alitaka Nemo awe Mpolandi, ambaye jamaa yake iliuawa na Warusi katika maasi ya 1863. Mchapishaji wake, Hetzel, alikataa, maana vitabu vyao vilikuwa vinauzwa kule Urusi. Basi Verne akaficha inchi ya Nemo. Kumbe shauri la kutochukiza mnunuzi halikuanza na sinema.

Je, kila filimu inayoacha njia ni mbaya? Hapana. La Planète des singes ya Pierre Boulle ilitoka 1963. Katika kitabu, msafiri Mfaransa anafika sayari ya mbali ambapo nyani wako na miji, magari na ndege, kwa maana watu wa kule walikuwa wavivu wa kuwaza, na nyani waliwaiga mpaka wakachukua nafasi yao. Filimu ya mwaka 1968 iliweka nyani katika vijiji vya mawe, kwa sababu mji wa kisasa ungekula feza nyingi mno. Kisha iligeuza mwisho kabisa: msafiri Mmarekani anaona sanamu ya Uhuru ya New York imezama katika mchanga, na anatambua kwamba sayari hii ni dunia yetu, iliyoharibiwa na vita ya atomiki. Boulle hakuandika vile. Lakini filimu ile ilishitaki watu wa inchi yake yenyewe, mbele ya macho yao, na waliilipia tiketi. Sisi tunaona mgeuzo huo una nguvu kupita mwisho wa kitabu. Asiyekubali atuandikie, tutapiga barua yake katika stensili.

Kazi kwa klasi ya tano na ya sita. Someni sura ya kwanza ya La Guerre des mondes, kisha mwandike ukurasa mmoja: kama ungepewa dakika mbili tu mwanzoni mwa filimu, ungeingiza namna gani Watasmania, bila mtu kusimama na kuhubiri? Klasi ya nne watafute katika Verne pale Nemo anapomwokoa mzamia lulu, na waseme kwa nini filimu ya watoto iliweza kuwa na papa lakini bila Mhindi. Kitabu cha Verne ni kimoja tu, kwa hiyo tuonane na mtunza biblioteki tupange zamu; kila mtu siku tatu, na asikunje kurasa.