SOMO KWA MAKATIBU: KOMPYUTA YA CHAMA IKIELEMEWA, TUNUNUE NINI KWANZA?



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi hapa wilayani Rungwe, ambacho sitakitaja jina, niliwakuta wanachama wamekusanyika nje ya ofisi wakidai malipo yao ya pili. Katibu aliwajibu kwamba hesabu hazijafungwa kwa kuwa kompyuta inaganda. Wengi hawakusadiki, walidhani fedha zimeliwa. Nilipopitia vitabu niliona fedha zote zimo benki. Lakini niliona pia hati ya malipo ya kadi ya grafiki, iliyonunuliwa Mbeya miezi miwili kabla kwa ushauri wa fundi, ili kuipa kompyuta nguvu. Kompyuta haikupata nguvu yoyote. Fedha hizo zilitokana na makato ya kila kilo ya mkulima, na kwa sababu hiyo nimeona yafaa tujifunze jambo hili.

Kwanza yatupasa kujua kila kifaa kina kazi gani. Diski ni kabati la majalada: yaliyowekwa humo hubaki hata umeme ukikatika. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza ya katibu. Majalada yanayofanyiwa kazi hutandazwa juu yake, na umeme ukikatika meza hufagiliwa yote. Meza ikiwa ndogo, katibu hulazimika kurudisha jalada moja kabatini kabla ya kufungua jingine, na siku nzima hupotea katika kusimama na kuketi. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kadi ya grafiki ni mchoraji wa vitu vionekanavyo kwenye kioo, hasa picha ziendazo kasi kama za michezo. Mchoraji, hata awe hodari namna gani, haongezi upana wa meza.

Sasa tutazame kazi za ofisi zetu: rejista ya wanachama, leja, barua, na taarifa za MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Mfumo huo hufunguliwa ndani ya kivinjari, na kivinjari ni mlaji mkubwa wa kumbukumbu. Kila ukurasa ulioachwa wazi una sehemu yake. Kompyuta yenye gigabaiti 4 huelemewa upesi. Kwa kazi hizi gigabaiti 8 hutosha, na anayewashauri kununua 32 aulizwe sababu.

Hata hivyo msikubali neno langu wala la fundi bila kupima. Siku ya kufunga hesabu za mwezi, fungueni yote mnayoyatumia kwa kawaida. Kisha bonyezeni vibonye vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha, chagueni sehemu iliyoandikwa Performance. Tazameni mstari wa Memory. Ukikaa juu ya asilimia 90 wakati kompyuta inasuasua, meza imejaa. Mstari wa GPU ndio wa mchoraji. Ukiwa karibu na sifuri saa ile ile, kadi mpya haitawasaidia kitu. Kama Memory ina nafasi lakini Disk imefika asilimia 100 na haishuki, kosa ni la kabati: diski ya zamani izungukayo ibadilishwe kwa diski ya SSD. Mara nyingi mabadiliko hayo huonekana dhahiri kuliko yote, na nimeona vyama vikiyasahau.

Katika chama nilichokitaja, Memory ilisoma asilimia 94 na GPU asilimia 2. Kipimo hicho kilichukua dakika tano, na hakikugharimu hata senti.

Kabla ya kupanda gari kwenda Mbeya, someni katika dirisha lile lile palipoandikwa Slots used. Ikisomeka 1 of 2, nafasi moja ni tupu, na yawezekana kuongeza kipande bila kutupa cha zamani. Kumbukumbu ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwa maana pengo lake limekatwa pengine. Wala ya kompyuta ya mezani haiingii katika ile ya mapajani. Andikeni aina hiyo kwenye karatasi, au mpeni fundi kipande chenyewe kiwe mfano. Angalieni pia kama Windows yenu ni ya biti 32, kwani hiyo haitumii zaidi ya gigabaiti 4 hata mkiongeza. Na kwa kuwa bei ya kumbukumbu ilipanda sana ulimwenguni kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025, viwanda vikielekeza nguvu kwenye mitambo ya akili mnemba, pateni bei za maduka matatu, mziweke jaladani.

Kwa kompyuta kuukuu za DDR3 nashauri tahadhari. Huduma ya kawaida ya usalama ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta za umri huo kwa kawaida hazikubaliwi na Windows 11. Bodi ifikirie kuweka akiba ya kununua nyingine.

Kadi ya grafiki ina mahali pake. Baadhi ya vichakataji havina uwezo wa kuchora, na kompyuta zake haziwezi kuonyesha chochote bila kadi. Anayehariri sinema au kuchora ramani naye anaihitaji. Ni kweli pia kwamba kompyuta isiyo na kadi humwazima mchoraji wake sehemu ya kumbukumbu, na kadi huirejesha. Lakini kwa kazi za leja sehemu hiyo ni ndogo. Tena kadi kubwa hudai umeme kuliko uwezo wa pawasaplai ya kompyuta nyingi za ofisi.

Chama kile kiliongeza kipande kimoja cha gigabaiti 4, hesabu zikafungwa wiki ile ile, na malipo ya pili yakatolewa. Kadi ingali kabatini. Nimeagiza iingizwe katika daftari la mali kwa bei iliyonunuliwa, mpaka mkutano mkuu uamue kama iuzwe.