Somo: Kuyaelewa Maneno ya Vyombo vya Sauti vya Gari

Mlaji anayekwenda kununua redio ya gari au spika hukutana kwanza na sanduku lenye tarakimu kubwa: wati 200, wati 1,000, au zaidi. Tarakimu hizo humvutia mnunuzi, lakini si zote zinazoeleza nguvu ambayo chombo kitatoa. Somo hili linafafanua maneno machache yatakayokuwezesha kulinganisha bidhaa kwa haki.

Vyombo vyenyewe

Redio husoma muziki na kuutoa kama umeme hafifu. Amplifaya huukuza umeme huo. Spika huugeuza kuwa sauti. Tuita ni spika ndogo ya sauti nyembamba, na sabufa ni spika kubwa ya besi. Redio nyingi zina amplifaya ndogo ndani yake. Kwa hiyo, anayeridhika na sauti ya wastani halazimiki kununua amplifaya ya pekee.

Wati

Wati ni kipimo cha nguvu, nacho huandikwa kwa namna mbili. Nguvu endelevu, inayoonyeshwa kwa herufi RMS, ni ile ambayo chombo huihimili kwa muda mrefu. Nguvu ya kilele ni ile inayofikiwa kwa kitambo kifupi tu. Wauzaji hupenda kutangaza ya pili kwa kuwa ndiyo kubwa. Wewe linganisha RMS kwa RMS.

Ikiwa RMS haikuandikwa, itazame fyuzi ya redio. Umeme wa gari injini inapounguruma hukaribia volti 14. Redio yenye fyuzi ya ampea 10 haiwezi kuvuta kwa kuendelea zaidi ya wati 140 hivi (14 × 10), na sehemu ya hizo hupotea kama joto. Basi sanduku lake likidai wati 50 kwa kila spika kati ya nne, yaani 200, hizo si wati endelevu.

Omu

Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme. Spika nyingi za gari zina omu 4. Mbili za namna hiyo zikiungwa sambamba, ukinzani hushuka hadi omu 2, na amplifaya hulazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Amplifaya isiyoruhusu chini ya omu 4 huweza kupata joto kupita kiasi, kujizima au kuungua.

Desibeli

Desibeli hupima ukubwa wa sauti. Kwenye spika huonyesha wepesi wake wa kuitikia nguvu ndogo. Kila nyongeza ya desibeli 3 huhitaji nguvu maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 91 kwa wati 1 hutoa sauti sawa na ile ya desibeli 88 kwa nusu ya nguvu. Spika ya wati chache yaweza kusikika vizuri kuliko yenye wati nyingi.

Usalama

Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye amplifaya sharti uwe na fyuzi karibu na betri. Bila fyuzi hiyo, waya ukichubuka na kugusa bodi huweza kuwasha moto. Kamwe usikubali fundi abadilishe fyuzi iliyokatika kwa kubwa zaidi au kwa kipande cha waya.

Kabla ya kulipa

1. Uliza RMS ni kiasi gani, na kwa omu ngapi.
2. Hakikisha omu za spika zinakubaliwa na amplifaya.
3. Omba chombo kijaribiwe mbele yako.
4. Dai risiti na dhamana ya maandishi, na utunze sanduku.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Maelezo ya sandukuni yakithibitika kuwa ya uongo, risiti na sanduku ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wako.