DIRHAMU YA CHAKULA NA DIRHAMU YA SHOKA
Somo juu ya kuzisaidia nyumba zenye dhiki na vijana wao

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yafaa ijulikane ya kuwa somo hili lahusu jambo ambalo wengi wetu twalisema kwa ulimi, na wachache twalitenda kwa utaratibu. Nalo ni kuwasaidia watu wa nyumba zenye dhiki na kuwatengenezea njia vijana wao. Twataka kubainisha mambo mawili. La kwanza, msaada ulio timamu una sehemu mbili, wala moja haitoshi pasi na mwenziwe. La pili, sehemu zote mbili huharibika pasipokuwa na mtu wa kuzisimamia. Na mtu huyo ni mimi na wewe, ndugu msomaji.

FASILI YA KWANZA: ASILI YA SOMO

Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ya kuwa mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu cho chote. Akajibu kuwa lipo tandiko, upande mmoja hujifunika na upande mwingine hulitandika, na kiko chombo cha kunywea maji. Mtume akaamrisha viletwe, akavinadi mbele ya Masahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza ni nani atakayezidisha. Mwingine akavichukua kwa dirhamu mbili. Akampa yule Ansari, akamwamrisha kwa dirhamu moja anunue chakula awapelekee watu wake, na kwa ya pili anunue shoka amletee. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni auze, na asimwone kwa muda wa siku 15. Siku zilipotimia alirudi naye amechuma dirhamu 10, akanunua nguo na chakula.

Wanavyuoni wana maneno juu ya isnadi ya hadithi hii, na wako waliosema ni dhaifu. Lakini maana yake, ya kuwa kazi ya mkono ni bora kuliko kuombaomba, imethubutu katika hadithi sahihi nyingine, wala hapana anayeikataa.

Tazama basi utaratibu uliomo. Chakula kilitangulia, kwani mwenye njaa hafundishiki wala hatumiki. Shoka likafuata, kwani chakula cha leo hakimtoshi mtu wa kesho. Kisha ukaja mpini, nao ndio huruma ya mwenye kusaidia, asiyetoa kitu akageuka akaenda zake. Mwisho ukawekwa muda, ili ijulikane msaada umezaa nini.

FASILI YA PILI: DIRHAMU YA CHAKULA

Sasa natutazame mambo haya katika mahali pamoja palipo mbali na bahari. Kakese ni kata katika Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi, mkoa uliokatwa katika Rukwa mwaka 2012. Huenda msomaji wa pwani akauliza: Kakese na sisi wapi na wapi? Jawabu ni kuwa Kakese ni shamba la mpunga, na wali twaupenda sote. Tena wafanya biashara wa mpunga hufika bara kama ilivyokuwa ada ya baba zetu. Na sheria ya misaada iliyoko Kakese ndiyo hiyo hiyo iliyoko Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Mafia. Atakayefahamu khabari za kule amefahamu na za mtaani kwake.

Katavi mvua ni za msimu mmoja. Huanza kwenye Novemba na kukoma kwenye Aprili. Kwa hiyo miezi iliyo karibu na mavuno ndiyo miezi ya ghala tupu. Hapo ndipo mwenye dhiki huuza mpunga wake ungali kijani shambani, kwa bei ya kuokoa roho. Na akivuna, huwa avunia mwingine. Mwaka wa pili huanza na deni la mwaka wa kwanza, na mtoto hutolewa skuli akafukuze ndege mashambani.

Kwa ajili ya nyumba kama hizi serikali ya Tanzania iliunda mwaka 2000 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, watu wauitao TASAF, na mwaka 2012 ukaanzishwa chini yake Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini; duru yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Utaratibu wake ulipangwa hivi. Watu wa kijiji au mtaa walikutana hadharani, wakawataja wenyewe walio mafakiri kupita wote. Kisha nyumba zile zikaendewa na kuulizwa maswali. Kisha majina yakarudishwa mkutanoni yathibitishwe. Ruzuku ilitolewa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ilifungwa kwa sharti: watoto wahudhurie masomo, na wachanga wapelekwe kliniki. Walioweza kazi walipewa kazi za umma, kama kutengeneza njia na mabwawa. Katika duru ya kwanza ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi 4 kwa mwaka. Jumla yake ni shilingi 138,000. Tena kazi zile zilikusudiwa kuangukia miezi ile ile ya njaa, ili mtu asiuze mpunga ungali kijani.

Utaratibu ni mwema. Lakini angalia mlango wake uko wapi. Mlango wake ni ule mkutano. Wanaume wenye akili wasipohudhuria, hubaki wenye maneno mengi, na majina ya jamaa zao hutangulia kabla ya jina la mjane. Mwaka 2016 serikali iliamrisha uhakiki, na maelfu ya nyumba zisizostahiki zikatolewa katika orodha. Kila moja ya hizo ilikuwa imekalia nafasi ya mwingine. Mwenye kuchukua fungu la fakiri hali yeye si fakiri amekula haramu, hata kama karani amemwandika na muhuri umepigwa.

Na Kurani katika Suratil Bakara, aya ya 273, imetutanabahisha juu ya mafakiri wanaojizuia kuomba, hata asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri. Watu wa namna hii hawasimami mkutanoni wakajisema. Jirani ndiye wa kuwasema.

Ama masharti, nayo yataka macho. Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliweka posho kwa watoto walioachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia sana. Alipomwuliza mama yake, akaambiwa kuwa amwachisha kabla ya wakati ili aandikiwe posho. Umar akalia kwa ajili ya watoto waliodhurika, akaamrisha kila mtoto aandikiwe tangu kuzaliwa. Sharti lililowekwa kwa kheri lilikuwa limezaa shari, na dawa yake ilikuwa mtu wa kusikiliza. Basi mtoto wa fakiri akikosa masomo kwa ugonjwa, na ruzuku ya mama yake ikapunguzwa, yapasa awepo mtu wa kwenda kuyaeleza hayo kwa mtendaji wa mtaa. Mama yule pengine hajui kusoma wala kudai.

FASILI YA TATU: DIRHAMU YA SHOKA

Shoka la kijana wa leo ni mtaji, na elimu, na ufundi.

Katika mtaji, sheria ya mwaka 2018 ililazimisha kila halmashauri itenge sehemu 10 katika kila 100 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa wenye ulemavu, wakopeshwe bila riba. Sikiliza neno hilo, ndugu yangu: bila riba. Kijana Muislamu aliyekuwa akikimbia mikopo kwa kuiogopa haramu amefunguliwa mlango wa karadha njema. Vijana wa Kakese wakiungana wakanunua pawatila ya kulimia au mashine ya kukoboa mpunga, hilo ndilo shoka lao.

Lakini mikopo hiyo ilisitishwa mwezi wa Aprili 2023, wala haikurejea illa mwaka 2024 baada ya kupangwa upya. Kwa sababu gani? Kwa sababu vilionekana vikundi vilivyo majina matupu, na waliokopa wakasahau kulipa. Wengine walisema: mali ya serikali haina mwenyewe. Hilo ni neno baya. Mwenyewe alikuwa kijana aliyekaa zaidi ya mwaka mzima akingoja zamu yake. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari mbili, akajizuia kumsalia mpaka Abu Katada alipolichukua deni lile juu yake. Itakuwaje kwa mwenye kudaiwa na vijana wa wilaya nzima? Liandikeni deni, lishuhudiwe, lilipwe kwa wakati. Na aliyepatwa na shida ya kweli aieleze mapema, kwani Kurani imeamrisha kumpa muda mwenye dhiki, wala haikumruhusu mwenye uwezo kukawilisha.

Katika elimu, tangu mwaka 2016 ada ya skuli za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa katika kidato cha tano na cha sita. Bado ziko gharama za nguo, madaftari na chakula, na hapo ndipo fakiri hukwama. Ama mabinti, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa Katavi ndio mkoa uliokuwa na sehemu kubwa kupita yote Tanzania Bara: katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Binti aliyepatwa na hayo zamani skuli ilikuwa imemfungia. Lakini Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa aweza kurudi baada ya kujifungua. Wako wazazi wasioyajua haya, na wako wayajuao wakayaficha kwa haya. Haya ni katika imani, lakini kumnyima binti elimu hakufuti kosa lililopita, bali huongeza fakiri wawili: yeye na mwanawe.

FASILI YA NNE: MPINI

Atasema msemaji: ikiwa serikali yatoa, mimi nimekwisha kuondokewa na jukumu. Sivyo. Zanzibar tangu Aprili 2016 wazee wa miaka 70 na zaidi hupewa pensheni, ambayo ilianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Wala hapana mwanachuoni aliyesema kuwa kwa ajili hiyo zaka imewaondokea matajiri wa Unguja na Pemba. Ruzuku ya serikali ni ya serikali; zaka ni deni lako wewe kwa Mola wako, na wenye kuistahiki wametajwa makundi 8 katika Suratit Tawba, aya ya 60.

Mwenye kulima mpunga kwa mvua hutoa sehemu ya kumi; anyweshaye kwa gharama, nusu ya kumi. Kwa madhhebu yetu ya Shafii nisabu ni wasaki 5 za mchele, nazo hukadiriwa kilo 650 hivi. Na uliowekwa na maganda yake, wasaki 10. Mwenye kuununua kwa biashara hutoa robo ya kumi ya thamani ya mali yake kila mwaka. Na wanavyuoni wa madhhebu wamesema kuwa fakiri mwenye kazi ya mkono hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya kazi yake. Tazama jinsi walivyoirudia ile dirhamu ya shoka! Basi badala ya kugawa sarafu mlangoni siku ya Ijumaa, watu wa msikiti mmoja waweza kukusanya zaka zao wakamnunulia kijana mmoja cherehani, na mwingine vyombo vya useremala.

Kwa kukhitimisha, yahifadhiwe mambo haya matano:

1. Hudhuria mkutano wa mtaa wako yanapotajwa majina, umtaje asiyejitaja.
2. Msomee asiyejua kusoma, umfuate mpaka kwa mtendaji au afisa wa maendeleo ya jamii, bila ya kumtoza kitu.
3. Usinunue mpunga ungali kijani shambani. Mtume amekataza kuuza mazao kabla ya kudhihiri kukomaa kwake. Ukitaka kutanguliza fedha, fanya salamu ya kisheria: thamani yote itolewe papo hapo, kipimo kijulikane, na muda ujulikane.
4. Ukikopa, lipa; ukimdhamini mtu, mfuate.
5. Toa zaka yako kwa hesabu, na sehemu yake uifanye shoka.

Wala usiulize kwanza dini ya jirani yako. Sayyidna Umar alimwona mzee wa Kiyahudi akiomba kwa uzee na haja, akamwamrishia posho katika Baitul Mali, akasema kuwa si uadilifu kula ujana wake kisha kumtupa uzeeni. Kodi yatoka kwa wote, na njaa hupiga hodi kwa wote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye kutia mipini, wala asitujaalie katika wenye kula mafungu ya mafakiri. Amin. Wallahu aalam.