SOMO LA TOLEO HILI: KAZI INAPOFIKA KIJIJINI KWA NJIA YA MTANDAO

Kwa miaka mingi mwananchi wa kijiji cha pembezoni alipata habari za kazi zikiwa zimekwisha kuchakaa. Tangazo la zabuni ya madawati au la nafasi ya ajira lilibandikwa kwenye ubao wa makao makuu ya wilaya, nalo lilimfikia fundi seremala wa kijijini siku ya gulio, pengine wiki moja baada ya tarehe ya mwisho kupita. Ujuzi alikuwa nao na mbao alikuwa nazo, ila barabara ilimchelewesha.

Leo matangazo mengi ya namna hiyo hutolewa mtandaoni, na aliye kijijini anaweza kuyaona siku ileile anapoyaona mkazi wa mjini. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kuzikosa nafasi hizo, kwa kuwa umbali wa sasa ni wa maandalizi: kitambulisho, usajili wa kikundi na nywila. Somo hili linaeleza maandalizi hayo.

Mawasiliano yalivyosogezwa

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma katika maeneo ambayo kampuni za simu hazioni faida ya haraka kuyafikia. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika maeneo ya vijijini.

Mwananchi asiye na simujanja naye hakuachwa. Akibonyeza *152*00# katika simu ya kawaida, hupata orodha ya huduma za Serikali bila kuhitaji bando la intaneti. Kwa zabuni na maombi ya ajira, hata hivyo, intaneti inahitajika. Hapo ndipo simujanja moja ya mwanakikundi mwaminifu inapoweza kuwafaa wenzake wote.

Zabuni kwa vikundi

Tangu Julai 2023 ununuzi wa umma ulianza kufanyika kupitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Shule inapohitaji madawati, au ofisi inapohitaji usafi na chakula cha mkutano, kikundi cha kijijini kinaweza kuwa mzabuni.

Kikundi kinachotaka nafasi hiyo hakina budi kuanza mapema. Kwanza, kiwe na katiba, viongozi waliochaguliwa na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Pili, kisajiliwe kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Tatu, kipate Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, ambayo hutolewa bila malipo. Nne, kijisajili katika NeST na kuzoea kuutazama mfumo kila wiki. Saa ya mwisho ikipita, mfumo hufunga pazia, wala hautambui kwamba mvua ilikata barabara.

Kikundi chenye ujuzi lakini kisicho na mtaji kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgawo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo sharti urejeshwe. Kikundi kisichorejesha hukifungia mlango kikundi cha kijiji jirani kinachosubiri zamu yake.

Ajira kwa mtu mmoja mmoja

Maombi ya ajira yanayoratibiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumwa kupitia mfumo uitwao Ajira Portal. Kuomba ni bure. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa mtandaoni, hivyo aliyeomba kisha asifuatilie huweza kuitwa bila kujua.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliacha funzo zuri. Maombi ya kazi za muda yalipokelewa kwa njia ya kielektroniki, na makarani wakakusanya takwimu kwa vishikwambi. Kijana aliyekuwa na namba ya NIDA, barua pepe na vyeti vyake tayari aliomba kwa muda mfupi. Aliyeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa baada ya tangazo alijikuta akishindana na kalenda. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ikikosewa tarakimu moja, maombi hayatapita.

Tahadhari: nywila ni ufunguo

Wananchi wengi hujaziwa maombi katika duka la steshenari. Hilo si kosa. Kosa ni kumwachia mhudumu nywila, au kutumia barua pepe yake badala ya ya mwombaji. Mhudumu akihama, akaunti huhama naye. Kikundi kiandike nywila yake katika daftari linalotunzwa na katibu, na viongozi wasiopungua wawili wajue daftari lilipo.

Matapeli nao wamefika kijijini kwa njia ileile. Anayeomba fedha ili "kumwingiza" mtu kazini au kumpatia zabuni ni tapeli. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Aidha, kila mtu abonyeze *106# ili ahakikishe kwamba kitambulisho chake hakijasajili laini asiyoijua.

Hitimisho

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kikundi kinachoonekana kupata zabuni kwa urahisi kimekesha kikiandaa nyaraka zake wakati wengine wakisubiri tangazo. Mnara huleta habari mpaka kijijini. Kuigeuza habari hiyo kuwa kazi kunabaki mikononi mwa wanakikundi, viongozi wa vijiji na maofisa wa kata.

Maswali ya kujadili katika kikundi au mkutano wa kijiji

1. Ni wanakikundi wangapi wenye namba ya NIDA, na wasio nayo wataipata lini?
2. Nywila ya kikundi inatunzwa na nani, na akisafiri nani mwingine anaijua?
3. Ni bidhaa au huduma gani inayohitajika na shule, zahanati au ofisi ya kata ambayo wanakijiji wanaweza kuitoa wenyewe?
4. Nani atatazama matangazo kila wiki kwa niaba ya wasio na simujanja, na habari itawafikiaje?